Butembo: Unene wa ukuta wa kiko na vidole vya mzee mmoja aliyekimbia Beni

Kunako masoko ya Butembo, watu wengi wanaonunua kiko cha udongo wanaangalia mambo mawili tu: uzuri na bei. Wanakigeuza mkononi, wanapuliza mrija kuona kama pumzi inapita, wanalipa, wanaenda zao. Wachache ndio wanaoingiza kidole ndani ya kichwa cha kiko, pale panapotiwa tumbako, ili wajue ukuta wake una unene gani. Mzee mmoja, mkaaji wa komini ya Bulengera, hakuwa kati ya hao wachache. Alikuja kujifunza jambo hilo kwa vidole vilivyoungua, na hata moto wenyewe hakuusikia.

Mzee huyo amepita miaka sabini. Maisha yake yote alilima kakao, ndizi na muhogo katika kijiji kimoja upande wa kaskazini mwa mji wa Beni. Mauaji yalipoanza huko mwezi wa kumi mwaka 2014, majirani wengi walihama, yeye akabaki. Alisema kakao haihamishwi. Lakini mwezi wa kumi na moja mwaka 2019, majuma machache tu baada ya jeshi la FARDC kuanza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa ADF, waasi walilipiza kisasi juu ya raia, kijiji kimoja baada ya kingine. Usiku mmoja milio ya risasi ilisikika ng'ambo ya mto. Mzee aliondoka na kadi yake ya uchaguzi, panga, blanketi moja na kuku ambaye hakufika naye mbali. Kiko chake kilibaki jikoni, juu ya boriti, mahali kilipokaa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alikaa mjini Beni kwa majuma matatu, kisha akapanda lori kwenye barabara ya taifa namba 2 mpaka Butembo, kilomita zaidi ya hamsini, kwa binti yake aliyeolewa huko. Butembo ni mji wa juu, zaidi ya mita 1,700, na jioni baridi yake si ya kuchezea kwa mtu aliyezoea joto la Beni. Kila jioni mzee aliketi mbele ya nyumba, mikono ikiwa katikati ya magoti, bila kazi ya kuipa. Binti yake anasema kwamba baba yake hakuulizia shamba, hakuulizia nyumba. Siku ya nne aliuliza tu: "Hapa vinauzwa viko?"

Alipewa pesa kidogo, akaenda mwenyewe sokoni. Alirudi na kiko kizuri sana. Kilikuwa chekundu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, ukuta wake mwembamba kama wa kikombe cha chai, na mrija wa unyasi mpya. Kilikuwa chepesi, na kwa mzee ambaye amebaki na meno machache, wepesi ni jambo kubwa, kwa sababu kiko kizito kinavuta mdomo chini. Jioni hiyo alivuta, akacheka na wajukuu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Siku ya sita, binti yake alipokuwa anampa maji ya kunawa kabla ya bugali, aliona malengelenge matatu: moja kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, mawili kwenye vidole viwili vinavyofuata. Moja lilikuwa limekwisha kupasuka na kuanza kutoa usaha. Alimuuliza baba yake lini aliungua. Mzee alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Hakujua.

Hapo ndipo inafaa kueleza jambo ambalo familia hiyo haikuwa inalitaja mara kwa mara. Mzee huyo aliugua ukoma alipokuwa kijana. Alitibiwa kwa vidonge kwa miaka mingi, akapona kabisa. Vidudu vya ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na huharibu mishipa ya fahamu ya mikono, miguu na uso. Dawa huua vidudu, na mtu aliyetibiwa hamwambukizi mtu tena, lakini mishipa iliyokwisha kuharibika hairudi ilivyokuwa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mchanganyiko wa dawa ambao unafupisha matibabu sana, na mgonjwa anayefika mapema anaweza kupona bila kupoteza kitu. Yeye aliugua mbele ya hapo, na alichelewa. Vidole vyake vinashika, vinalima, vinafunga kamba, lakini vya mkono wa kulia havijui moto wala mwiba.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alisafisha vidonda na kuuliza maswali.

"Papa, ulishika sufuria?"

"Hapana. Wananikataza jiko."

"Kikombe cha chai?"

"Nakunywa katika kikombe chenye mkono wa mti."

Muuguzi alifikiri kidogo. Kisha akauliza kama anavuta. Mzee alitoa kiko mfukoni, akaonyesha jinsi anavyokishika: gumba upande huu, vidole viwili upande ule. Malengelenge yalikaa pale pale kwenye udongo, kama muhuri kwenye karatasi. Muuguzi alipapasa ukuta wa kiko kwa kucha, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba mtu mwenye vidole vizima angekiacha mwenyewe baada ya kuvuta mara chache, kwa sababu maumivu yangemwambia. Vidole vya mzee havikumwambia kitu, akaendelea kushika moto mpaka tumbako ikaisha, jioni kwa jioni.

Muuguzi alimwomba aache kuvuta. Hakuficha neno: moshi wa tumbako unaleta kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu, unaharibu moyo, na kuvuta kwa kiko hakumwokoi mtu na hayo. Mzee alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, nyumba nimeiacha, shamba nimeliacha, kaburi la mke wangu nimeliacha. Nimekusikia. Lakini hiki kingoje kidogo." Muuguzi aliandika dawa ya vidonda na kuongeza kwamba, ikiwa ataendelea, basi asishike tena kiko hicho. Atafute chenye ukuta mnene, azungushe kitambaa, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri amkague mikono yote miwili.

Hivyo ndivyo familia nzima ilivyoanza kutafuta kiko, na kugundua kwamba unene wa ukuta si jambo jepesi kama linavyoonekana.

Wa kwanza kuleta jibu alikuwa mkwe wake, mfanyabiashara kama wengi wa Butembo wanaosafiri kuleta bidhaa kutoka mbali. Alikuwa na kiko cha mti alichopewa zamani na mtu wa Ulaya. Viko vya namna hiyo vinachongwa kutoka kwenye kifundo kinachoota kati ya shina na mizizi ya mti mdogo unaoitwa Erica arborea, ambao wachongaji wanauchimba katika nchi za kandokando ya bahari ya Mediterania. Mti huo hauchomeki upesi, na ukuta wake mara nyingi una milimita sita, saba au zaidi. Mti haupitishi joto haraka kama udongo uliochomwa, kwa hiyo unene mdogo tu unatosha kulinda mkono. Wakaaji wa Beni hawajui kwamba mti wa jina hilo hilo unaota pia juu ya mlima Rwenzori, ambao wanauona asubuhi mawingu yakiachia. Lakini upande wa Congo mlima huo uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kukata mti humo ni kosa.

Kiko cha mkwe kilikuwa chepesi na kinene pia. Mzee alifurahi, lakini binti yake, ambaye sasa alikuwa amejifunza kuwa na mashaka, aliingiza kidole ndani. Upande mmoja ukuta ulikuwa mnene, upande wa pili kidole kilizama. Mwenye kiko wa kwanza alikuwa amezoea kukikwangua kwa kisu. Katika kiko cha mti, makaa ya tumbako hutengeneza ganda jeusi ndani, na ganda hilo ndilo linalolinda mti usiungue. Likizidi unene linaweza kupasua kiko, ndiyo maana linapunguzwa. Lakini likiondolewa lote, mti wenyewe unaanza kuliwa na moto. Kwa nje kiko hicho kilionekana kipya. Kwa ndani kilikuwa kimebakiza ukuta wa kama ganda la yai upande ule ule ambao gumba la mzee lingekaa. Kilirudishwa kwa mwenyewe kwa shukrani.

Kuna jibu lingine ambalo watu wa Afrika Mashariki walilipata, ingawa halikufika kwenye mfuko wa mzee. Katika bonde la Amboseli, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, kunapatikana jiwe jeupe jepesi liitwalo meerschaum, lenye vitundu vidogo sana visivyohesabika. Vitundu hivyo vinanyonya unyevu na kuzuia joto, hata mkono unabaki salama bila ukuta kuwa mzito. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum ilichonga viko vya jiwe hilo na kuviuza ng'ambo kwa jina la Kiswahili, Kiko. Maana yake ni kwamba unene haufanyi kazi peke yake. Kwanza uliza ukuta umetengenezwa na kitu gani, ndipo uulize una unene kiasi gani.

Kwa udongo wetu, jibu ni moja: uwe mnene. Binti aliuliza sokoni mpaka akaelekezwa kwa mama mmoja mfinyanzi, mtu mzima, anayeuza vyungu na viko vichache pembezoni mwa mji. Alimpeleka baba yake huko siku ya Jumamosi, kwa pikipiki.

Mama huyo alikuwa na viko vitatu. Hakumwacha mzee achague kwa macho. Alimwambia binti aingize kidole cha shahada ndani na kuweka gumba nje, kisha azungushe taratibu kandokando yote, kama mtu anayepapasa upindo wa kitenge. Cha kwanza kilikuwa chembamba kote. Cha pili kilikuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Huyo ndiye mbaya kuliko wote, alieleza, kwa sababu udongo unapopata moto unapanuka, na upande mwembamba ukipanuka mbele ya upande mnene, kiko kinapasuka mkononi. Cha tatu kilikuwa kinene kote, lakini alipokigonga kwa kucha kikatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Kiko kizima kinalia kama kengele ndogo. Hicho kilikuwa na ufa usioonekana.

"Ukuta mnene una shida yake," alisema. "Usipokauka mpaka ndani, unyevu unabaki katikati. Ukikitia kwenye moto, unyevu unageuka mvuke, unatafuta njia, unakipasua. Ndiyo maana wengi wanafinyanga vyembamba. Vinakauka upesi, na vinapendeza watu."

Alisema atakifinyanga kipya. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee, kile ulichozoea kilikuwaje?"

Mzee alicheka. Alisema kilikuwa kibaya. Kilikuwa kinene kama tako la chungu, na chini kilikuwa na mguu mdogo wa kushikia. Rafiki zake walipokusanyika kunywa kasiksi walikicheka, wakasema mzee anavuta chungu cha maharagi. Yeye naye aliona haya. Mara mbili alitaka kununua kingine, na mara mbili mke wake alimkatalia, akasema pesa ya nyumbani haitoshi.

"Nani alikifinyanga?"

"Mama watoto mwenyewe. Alikuwa mfinyanzi kama wewe."

"Na vyungu vyake, navyo vilikuwa vinene hivyo?"

Mzee alitikisa kichwa upesi, kama mtu anayetetea jina la marehemu. Alisema vyungu vya mke wake vilijulikana mpaka Oicha. Vilikuwa vyembamba na vyepesi, mtoto alivibeba kichwani vimejaa maji.

Mama mfinyanzi alinyamaza kidogo, akaendelea kukanda udongo. Kisha akasema polepole: "Basi, mzee, hakushindwa kufinyanga kiko chembamba."

Mzee alifungua mdomo akaufunga. Aliangalia vidole vyake vilivyofungwa bendeji. Binti yake anasema alimwona akihesabu kitu moyoni, labda miaka. Zaidi ya miaka ishirini alivuta kiko kile, na siku hata moja hakuungua. Alidhani ni bahati, au kwamba ugonjwa haukumharibu sana. Mke wake alijua mume wake hapendi kutajiwa mikono yake. Hakumtajia. Aliweka udongo mwingi, akaongeza mguu wa kushikia, akavumilia watu wacheke kazi yake.

"Wasingya," mzee alisema baada ya muda, na haikuwa wazi anamshukuru nani kati ya wale wanawake wawili.

Kiko kilichukua karibu mwezi mmoja. Mama mfinyanzi alisaga vigae vya chungu cha zamani, akavichanganya na udongo ili unyevu upate njia ya kutoka na ukuta usipasuke. Alifinyanga viwili kwa tahadhari. Alivikausha kivulini, si juani, kwa sababu jua linakausha nje na kuacha ndani kubichi. Siku ya kuchoma alivipasha kwanza kando ya moto kwa muda mrefu kabla ya kuvifunika kwa majani makavu na kuni. Hata hivyo kimoja kilipasuka. Cha pili kilitoka kizima, ukuta karibu milimita kumi kote, chini kina mguu mfupi. Shimo la mrija linatokea chini kabisa ya tundu la tumbako, si katikati, ili tumbako ya chini isibaki mbichi na chungu. Mama aliziba mdomo wa kiko kwa kiganja, akapuliza kwenye mrija kuhakikisha pumzi haivuji pahali popote. Kisha akakigonga kwa kucha. Kikalia.

Alimpa maonyo mawili. La kwanza, ukuta mnene ni kama jiwe la jikoni: unachelewa kupata moto, na ukishaupata unachelewa kupoa. Kwa hiyo mzee asijaze tumbako ya pili kabla kiko hakijapoa, la sivyo atakuwa amenunua unene bure. La pili, asivute kwa pupa, kwa maana anayevuta haraka anachochea moto kama mtu anayepepea makala, na hakuna ukuta unaoweza kumsaidia.

Kiko hicho ni kizito, na mzee analalamika kwamba kinamchosha taya. Anakishika kwa mguu wake wa chini, kimezungushiwa kipande cha kitenge. Tundu lake ni dogo, kwa kuwa ukuta umekula nafasi, na tumbako inayoingia ni kama nusu ya ile ya kiko chekundu. Muuguzi aliposikia hilo alicheka, akasema hapo mama mfinyanzi amemsaidia kazi. Lakini alirudia maneno yake: "Papa, ukuta unalinda vidole. Mapafu hauyalindi." Mzee alijibu kwamba anajua, na kwamba sasa anavuta mara moja tu kwa siku. Binti yake anasema ni mara mbili.

Zamani kule kijijini kiko kilizunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane mwaka 2018 mpaka mwezi wa sita mwaka 2020, Beni na Butembo zilijifunza kutopeana hata mkono, na mzee hakurudia tena kumpa mtu kiko chake. Anavuta peke yake. Hata hivyo hakai peke yake. Jioni, anapowasha, mjukuu wake wa kike wa miaka minane anakuja kuketi upande ambao upepo hauleti moshi, kama mama yake alivyomwagiza. Kila baada ya muda kidogo mtoto anagusa ukuta wa kiko kwa mgongo wa mkono.

"Bado, koko," anasema.

Mzee anavuta tena, taratibu. Mtoto anangoja, anagusa tena.

"Sasa kimeanza."

Mzee anakiweka chini juu ya jiwe, ananyoosha mikono yake yote miwili mbele ya mtoto, viganja juu, na mtoto anaanza kuvikagua vidole kimoja kimoja.